Namba ya Kolekole

Mwalimu wetu wa kompyuta alitoka bara, na samaki pekee aliyemfahamu ni yule aliyekwisha kukaangwa. Ndiyo maana alipotuambia tuzipe majina mashine kumi na nne za maabara, darasa zima likakubaliana ziwe samaki, ili asijue nani kapewa jina la heshima na nani katukanwa. Nguru, chewa, pono, mkizi, changu. Mashine yangu ikawa Tafi. Aliyeichagulia alisema tafi ana miiba ambayo huioni, ukimshika vibaya unashinda na mkono uliovimba. Nikamshukuru kwa kunijua vizuri.

Huyo alikuwa Kolekole. Alikaa kulia kwangu, shoga yangu tangu kidato cha kwanza, na mtu pekee katika shule ile aliyeanza kucheka kabla sijamaliza kusema. Baada ya wiki mbili hakuna aliyetuita tena kwa majina ya nyumbani. Hata mwalimu alipochukua mahudhurio alisema, "Pono yuko wapi?" na Pono akaitikia.

Maabara yetu haina intaneti. Shule iko nje ya mji wa Kilifi, ukielekea Tezo, na intaneti tunayoipata ni ile ya simu ya mwalimu mwenyewe, ambayo hamgawii mtu. Lakini mashine zimeunganishwa kwa waya zenyewe kwa zenyewe, na zote zinatumia Linux, mfumo wa bure ambao watu husema haushiki virusi. Sasa, mashine ya Linux haimjui Nguru wala Chewa. Inajua namba tu. Kwa hivyo ndani ya kila moja mna faili dogo linaloitwa hosts, na kazi yake ni moja: kushoto namba, kulia jina. Ukiandika jina, mashine inalisoma faili lile, inaiona namba, inaifuata bila kuuliza. Ukiandika mle kwamba mwalimu mkuu anapatikana kwenye namba ya choo, itakwenda chooni kwa adabu zote.

Kila mashine ina nakala yake ya faili hilo. Ukibadilisha yako, ya mwenzako haijui. Shika hapo, maana ndipo nilipoharibu.

Mwalimu alikuwa ametuandikia kijiprogramu cha kutumiana ujumbe. Kinakuuliza: Kwa nani? Kutoka kwa nani? Halafu unaandika. Kwa kuwa kinamwamini mtu yeyote anavyojitaja, siku ya kwanza niliwaandikia watu kwa jina la mwalimu kwamba kipindi cha hesabu kimefutwa, mwende mkalale. Watano wakaenda. Mwalimu aliponishika hakunipiga wala hakunifukuza. Alinipa mimi na Kolekole nenosiri la mashine zote, akasema kama tuna nguvu za kuharibu basi tuna nguvu za kutengeneza, na yeye amechoka kuzunguka.

Mwisho wa muhula wa kwanza, Kolekole aliniambia langoni kwamba wanahamia Vitengeni. Nyanya yake miguu ilikuwa imekataa, shamba halina mtu, mama yake ameamua warudi. Nilitakiwa kusema kitu. Nikasema, "Afadhali, nitapata kiti cha kuwekea begi." Akacheka, akanipiga bega, akaenda. Kwao kulikuwa na simu moja, ya mama, na kioo chake kilikuwa kimepasuka kiasi kwamba ukiigusa A inaandika chochote inachotaka yenyewe. Sikuwahi kumpata.

Watu hudhani mchekeshaji ana marafiki wengi. Mchekeshaji ni redio. Wanaiwasha, wanacheka, wakichoka wanaizima. Hakuna anayeisogezea sahani. Wakati wa chakula cha mchana kila kikundi kilikuwa na jiwe lake la kukalia nyuma ya jiko, nami nilikuwa napita jiwe hadi jiwe, natia utani wangu, wanacheka, nasonga mbele. Nilipokuwa na Kolekole sikuona kwamba hakuna jiwe langu. Tulikuwa wawili, tunapita pamoja, na watu wawili wanaopita ni kama jiwe linalotembea.

Muhula wa pili mashine yake ilikuwa imezimwa. Siku ya kwanza nilimwandikia kwa mazoea: Kolekole, mwalimu wa historia leo kavaa soksi mbili za rangi mbili. Mashine ikanijibu: Kolekole haipatikani. Nikajaribu kesho yake. Haipatikani. Kila siku nilikuwa nikijua itasema hivyo na kila siku ilinichoma kidogo, kama kumpigia mtu hodi na jirani anatoka kukuambia wamehama, na wewe unajua wamehama.

Kuna namba moja ambayo kila mashine inaielewa kwa namna ileile: 127.0.0.1. Maana yake ni mimi mwenyewe. Changu akiiita, anajipata Changu. Tafi akiiita, anajipata Tafi. Nikafungua faili la hosts kwenye mashine yangu, nikaenda kwenye mstari wa Kolekole, nikafuta namba yake, nikaweka hiyo.

Nikamwandikia tena habari za soksi. Kikalia kile kimlio kidogo cha ujumbe unapoingia, nao ukatokea kwenye kioo changu mwenyewe. Nilijua ni wangu. Lakini kabla sijausoma, kwa muda wa kupepesa jicho, ilikuwa kama kuna mtu ameniandikia.

Basi nikawa namwandikia kila siku. Baadaye nikawa namjibu pia, nikiandika kwenye sehemu ya kutoka kwa nani jina lake. Kutoka: Kolekole. "Tafi, fyata ulimi, unasoma lini wewe?" Nilikuwa namjibu vizuri kuliko alivyokuwa akijibu mwenyewe, maana yeye alikuwa mvivu wa kuandika.

Katikati ya muhula umeme ulipanda ghafla ukaunguza kile kiboksi kinachounganisha waya. Kikaletwa kingine, na mwalimu akaona apange namba zote upya. Akanipa karatasi yenye mashine kumi na tatu na namba zake mpya. Kolekole haikuwemo kwa sababu ilikuwa imezimwa. Nikazichapa kwenye faili langu mstari kwa mstari, nikalihamisha faili kwenye flash, nikazunguka maabara nzima kulibandika kwenye kila mashine. Nilifanya kazi safi kabisa. Sikugusa mstari wa Kolekole, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niuguse, na kwa kuwa nilishazoea kuuruka macho yangu yakipita.

Wiki iliyofuata akaja msichana mgeni. Mama yake alipata kazi ya upishi kwenye hoteli moja ng'ambo ya daraja, wakahama kutoka bara. Mrefu, sauti ya chini, Kiswahili chake kifupi kifupi. Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu. Mwalimu akaiwasha mashine ya Kolekole, akaipa namba, akabandika faili lilelile la kwenye flash, akajaribu kutuma kutoka pale kwenda kwa wengine. Zikafika. Hakujaribu kutoka kwa wengine kurudi pale.

Mgeni akatuandikia sote: "Hamjambo. Mimi nimetoka bara. Nafurahi kuwajua." Juu yake kulikuwa na Kutoka: Kolekole.

Sikupenda kuliona jina lile pale. Nitasema ukweli, sikumpenda yeye kwa ajili ya jina lile. Baada ya dakika chache akaniandikia peke yangu: "Wewe ndiye unayekaa kushoto kwangu?" Ulikuwa ujumbe wa kwanza kunifikia mimi peke yangu tangu muhula uanze ambao sikujiandikia. Nikaufuta. Mkono wake ulikuwa umbali wa mkono wangu, na nikatazama mbele kama niliyekuwa nikisoma.

Siku ya tatu tulikuwa mferejini tukiosha sahani, na Changu, msichana wa Malindi mjini mwenye adabu za kutosha mitaa miwili, alikuwa amekasirika.

"Mwenzangu, nimemsalimu yule," akamwambia Nguru. "Nimemuuliza umeamkaje, kwenu hawajambo, karibu sana. Salamu imenirudia nzima. Neno kwa neno, na jina langu juu yake."

"Kumbe si mimi peke yangu," Nguru akasema. "Mimi nimemuuliza hali, nikaulizwa mimi hali yangu."

"Ana kitufe cha kukataa," akasema Pono, ambaye hakujua kitu chochote kuhusu kompyuta na alikuwa akichukua somo lile kwa sababu ya feni. "Watu wa bara wanavijua hivyo. Unabonyeza, maneno ya mtu yanarudi kwake."

"Haidhuru," Changu akasema. "Abaki na kitufe chake."

Lazima uelewe uzito wake. Kwetu salamu haikataliwi. Hata mtu mliyegombana jana, akikusalimu asubuhi unaitikia kwanza, halafu ndipo mnaendelea kugombana. Na kumrudishia mtu maneno yake yaleyale ni mchezo wa watoto wadogo wanapotaka mwenzao alie. Mgeni aliyewafanyia hivyo watu kumi na wawili siku ya kwanza, hata angekuwa mtoto wa gavana asingesamehewa.

"Na wewe Tafi, amekukataa?" Nguru akaniuliza.

"Mimi hana haja ya kunikataa," nikasema. "Hata hajui kama mimi ni mtu."

Wakacheka mpaka sahani zikagongana. Nami nilikuwa nimeshaelewa. Tangu Changu aliposema imenirudia nzima, nililiona lile faili, mstari wa Kolekole, na ile namba inayomaanisha mimi mwenyewe, imekaa kwenye mashine zote kumi na nne kwa mkono wangu. Kila anayemwandikia mgeni alikuwa akijiandikia mwenyewe. Na mgeni alikuwa hajapata hata salamu moja.

Ningesema palepale. Lakini ningeanzaje? Jamani, si kitufe, ni mimi, nilikuwa nikijitumia barua za mtu aliyehama na kujijibu. Ungekuwa utani wangu mkubwa kuliko wote, ungeishi mpaka mtihani wa kidato cha nne, na mimi ndiye ningekuwa ndani yake. Nikanyamaza siku tisa.

Siku ya kumi nilichukua flash wakati wa chakula, nikaenda kurekebisha kimyakimya. Nilidhani maabara iko tupu. Mgeni alikuwa kwenye kiti chake, anakula mkate. Nilihitaji namba ya mashine yake, nikainama kuitazama kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha virusi."

"Linux ina virusi?"

"Ya kwetu inayo."

Hakucheka. Nikiwa nimeinama hivyo niliona kioo chake. Upande mmoja ni ujumbe alioutuma: Changu, Nguru, Pono, Mkizi, Tafi, tena Changu, tena Tafi. Alikuwa ameuliza kazi ya nyumbani ya fizikia. Alikuwa ameuliza maji ya kunywa yanapatikana wapi. Alikuwa amemwambia Mkizi pole kwa kuanguka. Upande wa pili, wa ulioingia, palikuwa peupe kabisa, na yeye alikuwa anakula mkate mbele ya weupe ule.

Nikazunguka mashine zote nikaweka namba sahihi. Nikajaribu kutoka kwa Pono; kimlio kikalia kwa mgeni, akageuka upesi, akaona neno "jaribio" tu, akarudi kwenye mkate. Nikatoka nje nikijiona fundi. Imekwisha, nikasema, na hakuna aliyejua.

Haikwisha. Faili lilikuwa sahihi sasa, jina lilikuwa kwenye namba yake, njia ilikuwa wazi kutoka kila mashine, na hakuna aliyemwandikia. Walishaacha. Wiki nzima nikasikiliza kulia kwangu, na kile kimlio hakikulia. Ningeweza kumwandikia mimi. Nililifungua dirisha la ujumbe mara nyingi, nikaandika jina, nikashindwa, maana ningemwambia nini ambacho si uongo?

Jumatano, baada ya kipindi, nilibaki nyuma nikikunja waya na nikamsikia akizungumza na mwalimu mezani.

"Mama anakuja Ijumaa kunitoa, mwalimu. Nitarudi bara, nikae kwa shangazi."

"Muhula haujaisha. Kuna mtu amekufanyia kitu?"

"Hapana mwalimu. Hakuna aliyenifanyia kitu." Akafikiri kidogo. "Hakuna hata mmoja."

Mwalimu akasema kwamba watu wa pwani ni wakarimu, apewe muda, yeye mwenyewe ilimchukua mwaka. Mgeni akasema ndiyo mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga sanduku.

Usiku ule sikumbuki nilikula nini. Asubuhi nilitembea kwenda shule nikitunga namna ya kulisema jambo lile liwe la kuchekesha, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee niliyoijua ya kusimama mbele ya watu. Kufika shuleni nilikuwa na namna tatu, zote nzuri, na katika zote tatu mjinga alikuwa Pono.

Saa nane mchana tulipokaa maabara niliomba dakika mbili. Mwalimu akaniangalia kwa mashaka, akanipa chaki. Darasa likajiweka tayari kucheka, wengine walishaanza. Nikaandika ubaoni mstari mmoja, 127.0.0.1 kisha kolekole, na nikazisahau zile namna tatu.

"Hakuna kitufe," nikasema. "Huu mstari niliuweka mimi. Mlikuwa mkimwandikia yeye, zinarudi kwenu. Yeye hakurudisha kitu. Hakuna alichokipata."

"Kwa nini uuweke?" Mkizi akauliza, bado anatabasamu, anangoja mwisho wa utani.

"Niliuweka kwenye mashine yangu tu. Nilikuwa namwandikia Kolekole wa zamani. Zilikuwa zikirudi kwangu. Halafu nikalinakili faili kwenu na mstari ukiwa humo."

"Ulikuwa unamwandikia mtu ambaye hayupo?"

"Ndiyo."

"Na majibu?"

"Najijibu."

Kicheko kikapasuka, kikapiga mabati, halafu kikafa chenyewe kutoka nyuma kuja mbele. Nisingejali wangeendelea. Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kubaya, macho ya watu kumi na watatu yakinitazama kama mtu aliyeanguka barabarani na nguo ikapanda.

"Kwa hivyo salamu yangu haikufika," Changu akasema.

"Haikufika."

"Zetu zote?"

"Hata moja."

Changu akasimama. Akazipita meza akaenda mpaka kwa mgeni, akasimama mbele yake, akafunga mikono mbele kama mtu aliyeingia nyumba ya watu, na saa nane ile ya mchana, jua limewaka, akamwambia, "Umeamkaje? Kwenu hawajambo? Karibu sana."

Mgeni akaangalia meza yake. "Nimeamka salama," akasema. "Hawajambo."

Akaja Nguru. Akaja Mkizi. Pono akaja akasema yeye kwa upande wake aliyemdanganya kuhusu kitufe ni yeye mwenyewe, naye hajisamehi. Mwalimu aliacha kipindi chake kiende. Walipomaliza, mgeni akanigeukia. Nilikuwa bado ubaoni na chaki.

"Ile niliyokuandikia wewe siku ya kwanza," akasema. "Hiyo nayo haikufika?"

"Ilifika."

"Kwa nini hukujibu?"

Nilikuwa na jibu moja la kuchekesha, lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Nikaliacha. "Jina lako lilikuwa la mtu mwingine."

"Si mimi niliyelichagua."

"Najua."

Ijumaa mama yake alikuja, bado amevaa koti jeupe la jikoni. Walisimama langoni muda mrefu. Kutoka dirisha la darasa hatukusikia kitu. Tuliona mama akiuliza, msichana akieleza kwa mikono, akichora hewani kitu kama mstari, kisha mwingine. Mama akatazama upande wetu. Akamrekebisha mwanawe kola, akaondoka peke yake na makaratasi ya uhamisho chini ya kwapa.

Ningependa kusema tukawa mashoga. Hatukuwa. Changu alimchukua kwenye jiwe lake siku ileile, akawa wa kule. Mimi mwalimu alinivua nenosiri, na kwa wiki mbili mtu akitaka kunikera aliniuliza kama nimepata jibu langu leo. Nilicheka nao. Sikupita tena jiwe hadi jiwe. Nilikuwa nikila kwenye ngazi za maabara.

Mgeni akamwomba mwalimu abadilishiwe jina la mashine. Akachagua mbuta. Darasa likalalamika kwamba mbuta ni samaki wa ziwa, hajui hata chumvi, naye akasema ndiye anayemjua, na ni mkubwa kuliko wao wote. Mwalimu akafurahi, hatimaye samaki aliyemwelewa. Akanirudishia nenosiri kwa saa moja, yeye mwenyewe akisimama nyuma yangu, niuandike mstari mpya kwenye mashine zote na niufute ule wa zamani.

Nikaanza kwa Pono. Futa kolekole, andika mbuta, hifadhi, nenda ya pili. Mashine yangu niliiacha mwisho. Nilipoufikia mstari, vidole vikasimama.

"Kuna shida?" mwalimu akauliza.

"Hapana mwalimu."

Nikaufuta. Yule aliye Vitengeni hakuwa na namba yoyote kwenye dunia ninayoijua mimi, na sasa hakuwa na jina pia. Nikahifadhi.

"Kila mmoja ajaribu na jirani yake," mwalimu akasema. "Kwenda na kurudi safari hii."

Nikasikia vidole kulia kwangu, kisha kimlio. Kutoka: Mbuta. "Imefika?"

Nikaandika jina lake, nikalisoma mara mbili kabla ya kutuma. "Imefika. Na yangu?"

Hakuandika tena. Aligeuza kichwa, akasema kwa mdomo, "Imefika," kisha akazima kioo, akachukua begi, akamfuata Changu nje.